Kiti Kisichomfaa Karani Yeyote

"Namtafuta mume wangu. Nimekuja anipe talaka yangu."

Makarani sita waliinua vichwa kwa pamoja. Kalamu zikasimama. Mlangoni alikuwa amesimama mwanamke aliyejaa vumbi hadi kwenye kope, kaniki yake imechanika upindo, na miguu imepasuka kwa mwendo wa siku sita.

Mwanamke mmoja aliyekuwa akisiriba udongo ukutani aligeuka.

"Mumeo ni nani, dada?"

"Halfani. Seremala wa Kondoa."

Mikono ya yule msiribaji ikatulia. Batuli, yule mgeni, akaiona ile mikono ilivyotulia, na moyo ukamwambia: ndiye huyu. Ndiye yule mwanamke wa Kigogo aliyesimuliwa na kaka yake, Athuman, kwamba anampikia Halfani chakula.

"Amekwenda stesheni kupokea mbao. Atarudi baada ya adhuhuri," alisema yule mwanamke. "Mimi naitwa Hana. Karibu ukae."

"Sikuja kukaa."

Lakini miguu haikumsikiliza. Pembeni, karibu na dirisha, kulikuwa na kiti kimoja kisichokuwa na mtu. Batuli akajitupa pale, akijiandaa kuning'inia kama anavyoning'inia mtu mfupi kwenye viti vya Wazungu. Hakuning'inia. Nyayo zilifika chini sawasawa. Mgongo ulipoegemea ukapokelewa pale pale ulipokuwa ukiuma tangu alipopita Msalato. Akashangaa, kisha akakasirika kwa kushangaa.

Mwaka ulikuwa 1912. Reli ilikuwa na miaka miwili tu Dodoma, na mfanyabiashara wa ngozi, Bwana Lindauer, alikuwa amefungua ofisi ambayo watu walikuja kuichungulia kama ngoma. Chumba kimoja kikubwa. Kila karani na meza yake, na kila meza na kimo chake. Nje jua lilikuwa linapasua mawe, ndani kukawa na ubaridi wa pangoni.

"Mbona hapa hapachomi?" Batuli aliuliza bila kutaka.

"Ofisi ya kwanza ilikuwa ya bati tupu," Hana alijibu. "Ikifika saa nane makarani wanazimia. Halfani akaja kwetu Kizota, akakaa ndani ya nyumba yetu ya tembe, yenye paa la udongo, mchana kutwa. Akatoka anasema, bati likae juu, paa la udongo likae chini yake, upepo upite katikati. Bwana alicheka. Sasa hacheki."

"Alikuja kwenu?"

"Kwa mume wangu, Matonya. Ndiye anayemkatia mbao."

"Anamkatia? Kwani Halfani hakati mwenyewe?"

Hana alifuta udongo mikononi polepole.

"Dada, hukuambiwa?"

"Niambiwe nini?"

"Vidole vyake. Vitatu, vya mkono wa kulia. Gumba na viwili vinavyofuata. Msumeno ulivichukua mwaka jana, mvua zilipoanza. Mimi na Matonya ndio tuliomfunga."

Batuli alisimama. Akakaa tena.

"Mwongo wewe. Kaka yangu Athuman amepita hapa mara tatu na punda wake. Kila akirudi ananiambia Halfani mzima, ananenepa, ana mwanamke, Kondoa haitaki tena."

Hapo karani mmoja wa makamo, mwenye kofia iliyoshonwa kwa mkono, aliweka kalamu chini. Jina lake Bashiri. Alikuwa akijifanya hasikii.

"Mama, uniwie radhi. Ile barua niliiandika mimi."

"Barua gani?"

"Ambayo Halfani alimpa kaka yako akuletee."

"Sijapata kuona barua."

Bashiri akageukia meza yake. Humo Halfani alikuwa ametengeneza vishubaka, vyumba vidogo vidogo vya kuwekea karatasi ili zisirundikane mkekani kama zamani. Akaingiza mkono katika kimoja, akatoa karatasi yenye doa kubwa la wino.

"Ya kwanza iliharibika, nikaandika nyingine. Hii nimeiona wiki iliyopita nilipohamishia karatasi zangu kwenye meza hii. Nikusomee?"

Batuli akamwashiria aendelee. Bashiri akasoma kwa sauti ya chini, wenzake wakiinamia kazi zao bila kuandika chochote.

"'Kwa mke wangu Batuli binti Saidi. Baada ya salamu, mkono wangu wa kulia umeliwa na msumeno. Vidole vitatu vimekwenda. Sikufichi. Kukata kumenishinda, lakini kichwa kipo, na nimepewa kazi ya kuchora. Kama bado unanitaka, fuatana na Athuman uje. Kama hunitaki, sema tu, talaka nitakupa na sitakuchukia. Nakungoja. Kila msafara ukitoka Kondoa naulaki njiani.'"

"Na jibu?" Batuli aliuliza. "Alipata jibu?"

"Alipata. Kwa mdomo wa kaka yako."

"Lilisemaje?"

"Naona haya kulitamka."

"Tamka."

"'Batuli amesema hawezi kulea mtu mzima.'"

Hakulia. Aliinamisha kichwa akaushika ukingo wa kiti kwa mikono miwili, kama mtu aliye juu ya punda mkorofi. Mwaka mzima alikuwa akilala chali kwenye kitanda cha watu wawili, akimchukia mtu aliyekuwa akiilaki misafara njiani.

Adhuhuri ikapita. Halfani akaingia akiwa na vumbi la mbao mabegani. Alikuwa amekonda. Mkono wa kulia ulikuwa umezama ndani ya kanzu. Alipomwona akasimama.

"Umefika," alisema.

"Nimefika."

"Peke yako?"

"Na Athuman. Yuko sokoni na punda."

"Umefuata talaka."

"Ndiyo niliyofuata."

Halfani akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa mzigo alioutarajia.

"Haki yako. Bashiri, chukua karatasi."

"Bashiri asiandike kitu!" Batuli alisema. "Toa mkono nje."

"Wa nini, Batuli?"

"Utoe."

"Si kitu cha kutazama."

"Halfani, mimi sikupata barua. Leo ndiyo mara ya kwanza naisikia, na aliyenisomea ni huyu. Sikumtuma mtu kusema neno. Hilo la kulea mtu mzima halikutoka kinywani mwangu. Toa mkono."

Ilimchukua Halfani muda kuelewa. Akawatazama Bashiri, Hana, kisha mkewe. Mkono ukatoka polepole. Vidole viwili, na kovu jekundu lililopinda kama mzizi. Batuli akaushika kwa mikono yake yote miwili, hakusema pole.

"Kile kiti ni cha nani?" akauliza.

"Kipi?"

"Kile. Hana ndiye aliyenikaribisha, lakini nilipokaa nikajua kuna kitu."

"Hakimfai karani yeyote," Hana alidakia. "Bwana alitaka kitupwe. Halfani akakataa."

Halfani akatazama sakafu.

"Kilikuwa cha kwanza. Niliwaza, kabla ya kutengeneza meza, niujue mwili wa mtu. Goti hadi kisigino, kiwiko hadi paja. Sikuwa na mtu wa kumpima. Nikapima ninayemkumbuka."

Batuli akaubana ule mkono.

Ndipo Athuman alipoingia, kiboko cha punda mkononi.

"Batuli, jua linakwenda. Ameandika?" Akaona mkono wa Halfani ndani ya mikono ya dada yake. Akaona karatasi yenye doa. Kiboko kikaanguka sakafuni.

"Kaka," Batuli alisema, "barua yangu iko wapi?"

"Barua gani?"

"Kaka."

Athuman alitafuta pa kutazama, akakosa.

"Niliitupa mtoni."

"Ukamwambia mume wangu simtaki. Ukaniambia mume wangu hanitaki. Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea!" Athuman alipaza sauti, kisha ikakatika. "Wewe ulikuwa mdogo, hukumbuki. Baba alipopofuka, mama alimlisha kwa mkono miaka tisa. Alikuwa na umri wako. Alipokufa baba, mama alikuwa ameshakuwa bibi kizee. Nilipoona huu mkono, nikasema, si dada yangu. Bora amchukie, aolewe kwingine, apumzike."

Hata Halfani hakuonyesha hasira. Alikuwa na uso wa mtu anayehesabu miezi iliyopotea.

"Uliwahi kumuuliza mama kama alichoka?" Batuli aliuliza.

"Hapana."

"Na mimi hukuniuliza. Rudi Kondoa, kaka. Mwambie mama nimebaki kwa mume wangu. Na hayo mengine mwambie wewe mwenyewe, kwa mdomo wako huo huo."

"Utanisamehe?"

"Sijui. Leo usiniulize."

Athuman akainama, akaokota kiboko, akatoka. Walimsikia akiwaita punda, sauti moja ya mtu mmoja, ikaendelea kupungua upande wa kaskazini.

Alasiri makarani waliondoka. Hana akaacha chungu cha ugali na mlenda, akawaaga kwa "Mbukwenyi," salamu ya Kigogo, akaenda zake Kizota. Wakabaki wawili katika chumba kile kikubwa, meza sita zikiwazunguka. Walikuwa kama wageni. Halfani hakujua aanzie wapi. Batuli hakujua kama mumewe bado anapenda maji ya moto ya kuogea.

Akatandika mkeka, akamnawisha. Halfani akachukua sehemu yake, akageuka, akampa mgongo.

"Unafanya nini?"

"Nimezoea kula peke yangu."

"Geuka."

"Batuli, mkono wa kulia hauwezi tonge. Nakula kwa kushoto, kama mtu asiyelelewa. Makarani wakinialika nasema nimefunga. Mwaka mzima nimefunga."

Batuli akainuka, akazunguka, akakaa mbele yake. Akausogeza ugali kati yao.

"Kula kwa kulia."

"Litaanguka."

"Liache lianguke."

Alijaribu. Vidole viwili vikabana, tonge likateleza mkekani. Akajaribu tena, likafika karibu na kidevu, likaanguka kwenye kanzu. Macho yakamjaa machozi. Akautazama mkono wa mkewe akingoja umlishe.

Mkono ule haukunyanyuka.

"Hunisaidii?"

"Sikulishi, Halfani. Nimekungoja mwaka mzima na zaidi bila kujua nangoja nini. Leo najua. Siwezi kushindwa kungoja tonge."

Halfani akafinyanga la tatu, dogo zaidi, akalikandamiza kwa kiganja. Likapanda taratibu, likafika kinywani.

Batuli akatafuna lake, akisubiri la nne.