Anayeketi Miguuni pa Mama Pasi

Pasi ilisema tsss, kidole hakikusema kitu.

Mama Pasi alilamba kidole tena akagusa chuma, kama alivyofanya kila asubuhi tangu aanze udobi. Tsss. Safari hii aliona ngozi ikigeuka nyeupe, akanusa nyama ikiungua, na nyama yenyewe ni yake. Maumivu hayakuja. Ncha ya kidole kile ndiyo iliyompambanulia moto wa hariri na moto wa kitani. Aliogopa, tena sana, maana bila kidole yeye si dobi, ni mchoma nguo za watu.

Ajabu, miguu nayo ilihisi kupita kiasi. Mchana alipojinyoosha kitandani, shuka jepesi la pamba lilimwangukia nyayoni kama makaa. Kisha godoro likabonyea upande wa miguu, polepole, kama kwa mgeni anayeketi bila kukaribishwa, na harufu ya kitambaa kilichoungua ikaenea ingawa pasi ilikuwa imezimwa, na sindano zikaanza kumpanda kutoka vidoleni hadi vifundoni, moja moja, kana kwamba kuna anayezichagua, huku pale chini kitu kikihema, pumzi nzito za aliyeshiba.

"Ni jini la moto," mamamkwe alinong'ona mlangoni. "Limeipenda pasi yako. Iache, mwanangu, nalo likuache."

"Kama linapenda kupiga pasi, mama, mashuka ya watu yale pale. Lianze."

"Shh! Linasikia!"

"Lisikie. Kazi siachi. Na mficha maradhi kifo humuumbua. Kesho naenda kupimwa."

Hospitalini walipima mishipa mikubwa ya fahamu, wakaikuta mizima. Mamamkwe akamtazama kwa jicho la si-nilikwambia. Lakini daktari hakuwarudisha nyumbani. Alimkata kipande cha ngozi juu ya kifundo, kidogo kama punje ya mtama, akampima na damu. Majibu yalipotoka, alieleza taratibu. Kuna nyuzi za fahamu nyembamba mno, ndizo zinazobeba joto na maumivu, na kipimo cha kwanza hakizioni. Za Mama Pasi zimepungua. Zilizobaki zinanyamaza panapotakiwa kelele, na kupiga kelele pasipo na kitu.

"Nani kazila nyuzi hizo?" mamamkwe aliuliza.

"Yaweza kuwa sukari, upungufu wa vitamini, pombe, tezi ya shingo, hata mwili kujishambulia wenyewe. Kwa wengine hatupati chanzo kabisa. Kwake ni sukari."

Mama Pasi alicheka mpaka machozi yakamtoka. Adui ana jina! Alianza dawa, akabadili chakula, na kidole akakipumzisha. Sasa alichovya vidole kwenye bakuli la maji, akairushia pasi matone, akasikiliza. Masikio yake yalikuwa mazima, akajifunza upya moto wa hariri na wa kitani.

Mchana mmoja alijilaza, bakuli likiwa kando yake. Godoro likabonyea. Harufu ile ikaja. Mamamkwe, aliyekuwa akipita, alisimama mlangoni akaziba mdomo kwa mkono. Mama Pasi, mwili mzima ukimsisimka, alichovya vidole na kurusha matone pale palipobonyea, ambapo hapakuwa na mtu.

Tsss.

Miguu hakuivuta.

"Kumbe upo," alisema. "Basi sikia. Sukari naishusha, na nyuzi zilizobaki ni zangu. Hapa utakufa njaa."

Akachovya vidole tena.