Mpiga Kasia wa Lami

Sokoni Birere, saa watu wanapobanana kama samaki wadogo wa sambaza kwenye beseni, chukudu moja, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, ilikuja kinyumenyume. Juu yake, kisogo kikielekea mbele, aliketi mwanaume mwenye bukta nyekundu na miguu ya korongo, akivuta kwa nguvu mti uliofungwa mnyororo wa baiskeli wa kuzungushia gurudumu. Ikaingia moja kwa moja katikati ya vitenge ambavyo Masika alikuwa amevitandaza chini kuuza.

"Samahani, mama."

"Mama yako alikuzaa uso ukiwa kisogoni? Hii kitu ni nini?"

"Napiga kasia. Ziwa nimeliacha, lakini mikono inakataa kuacha. Na mpiga kasia hukaa akitazama anakotoka."

"Basi rudi huko! Mutu muzima, anapiga kasia kwenye lami!"

Watu wakacheka. Mpiga kasia mwenyewe, Evariste, naye akacheka, na hilo ndilo lililomkera Masika. Siku za soko zilizofuata Evariste akarudi, akatukanwa, akarudi tena, hadi Masika akajikuta anavaa hereni za kumtukania.

"Sheri, leo nimefika Kibati, kule nje ya mji," alisema Evariste kwenye simu jioni moja, walipokuwa wameshapendana.

"Ulifika wewe ao mgongo wako?"

"Mgongo ulitangulia."

"Muone! Hata mbuzi anajua anakokwenda."

Lakini jambo moja Masika hakulifanyia mzaha. Ziwa lilimchukua Prodige, mdogo wake, halikurudisha hata kiatu chake.

"Siku utatia kasia majini, usinitafute," alimwambia. "Sitalilia tena mutu asiye na kaburi."

Evariste akaapa.

Kisha Angèle, rafiki wa Masika, akampigia simu. "Masika, mutu wako nimemuona. Makasia mawili begani, anashuka ziwani."

Masika hakutaka kusikia zaidi. Evariste alipopiga, alimjibu, "Kama unaongea, basi hujazama bado. Fanya haraka," akakata. Simu ikaendelea kulia mezani, naye akaiangalia kama anayeangalia mende.

Jumapili, baada ya misa, Evariste alikuwa mlangoni mwa parokia na chukudu yake. Nyuma ilikuwa na kiti kipya, kikielekea kile chake. Egemeo lake lilikuwa viganja viwili vya yale makasia, zile sehemu pana za kupigia maji, vimekatwa kwa msumeno.

"Seremala anakaa kando ya ziwa," alisema. "Ningepita wapi?"

Masika akagusa ule ubao. Ulikuwa bado na alama za maji.

"Umeyakata?"

"Yote mawili."

"Kiti kibaya. Seremala wako alilewa."

"Ni chako. Mimi natazama nyuma, nakosa mutu wa kutazama mbele. Maisha yote, Masika."

Masika akasonya, msonyo mrefu uliowageuza hata wanakwaya. Akakusanya kitenge chake cha zambarau, akaketi. Magoti yao yakakaribia kugusana. Chukudu ikaanza kwenda.

"Kushoto, mujinga! Kuna shimo."

"Ndiyo, sheri."

"Na unakwenda wapi? Papa aliyenizaa anakaa Katindo, huku mjini. Utamuomba nani mukono wangu huko Kibati? Geuza!"