Sufuria ya Maji Ndani ya Gari la Baba

Kila Jumamosi asubuhi Syombua alikuwa na kazi mbili: kuosha gari la baba yake, kisha kuchungulia nyuma ya magurudumu. Kazi ya kwanza ilionekana na majirani wote wa mtaa wa Komarock, Nairobi. Ya pili haikuonekana na mtu, na hiyo ndiyo iliyoleta matata.

Gari lenyewe lilikuwa la zamani, refu kwa nyuma, limetolewa viti vyote isipokuwa vya mbele. Baba yake, Mzee Mbaluka, alilitumia kubeba vinyago kutoka kwa wachongaji wa Majengo na kuvipeleka madukani mjini. Shule zilipofungwa, Syombua alikwenda naye. Hakupenda kukaa mbele. Alilala nyuma juu ya magunia, katikati ya twiga na korongo wa mbao, karibu na ndoo ya maji ya kuoshea gari.

Mwaka huo mvua za El Nino zilikuwa zimeitafuna Barabara ya Kangundo, zikaacha mashimo kila mahali. Gari likipita shimoni, nyuma yake iliinuka taratibu, ikashuka, ikainuka tena, ikashuka tena, kama bembea inayoendelea baada ya mtu kuacha kuisukuma. Twiga wote waliitikia kwa vichwa. Maji ndani ya ndoo yalipanda ukingo huu, yakaenda ukingo ule. Syombua alifumba macho. Alikuwa juu ya wingu, na wingu lenyewe lilikuwa likipumua. Chini yake zilipita paa za Njiru, ndogo kama viberiti, na hakuna aliyemwita kuosha vyombo.

"Niaje, Syombua!" Triza, rafiki yake wa nyumba ya pili, alimpigia kelele Jumamosi moja Syombua akiwa anaosha gari. "Gari yenu jana ilikunywa nini? Nimeiona ikipita stegi ya matatu ikicheza lingala!"

"Haichezi. Inaelea."

"Inaelea? Basi ipelekeni Kisumu ikavue samaki!"

Syombua alicheka. Triza alipoondoka, aliinama kufanya ile kazi ya pili.

Baba yake alikuwa amemfundisha vizuri. Nyuma ya kila gurudumu kulikuwa na bomba nene la chuma linaloitwa shokomzoba. "Springi hulirusha gari, shokomzoba hulituliza," alimwambia. "Ndani yake kuna mafuta. Ukiona mafuta yametoka nje, ujue imekufa. Mgongo wangu haukubali tena kuinama huko chini. Macho yako ndiyo macho yangu, mwaitu."

Mwaitu ni mama kwa Kikamba. Syombua alipewa jina la bibi yake, mama mzazi wa Mzee Mbaluka, kwa hiyo baba alimwita hivyo, na kila alipoitwa hivyo alijiona mrefu kidogo.

Jumamosi ile alichungulia, akaona mafuta. Bomba la nyuma lilikuwa limelowa, jeusi, vumbi limeganda juu yake. La upande wa pili lilikuwa vivyo hivyo. Alilitazama kwa muda mrefu. Akifahamishwa, baba atanunua mengine. Gari litatulia. Wingu litakwisha.

Alichukua kitambaa akafuta mafuta yote.

"Kuko kavu?" baba aliuliza kutoka mlangoni.

"Ni kavu, Baba."

Jumamosi iliyofuata mafuta yalikuwa yamerudi. Akafuta tena, akajibu vilevile. Huo ulikuwa uongo, hata kama ulisemwa kwa sauti ya upole.

Wakati huo Bibi, ambaye nyumbani walimwita Susu, alikuwa hospitalini. Alikuwa ameteleza kwenye matope ya mvua, akavunjika nyonga, na madaktari wakaunga mfupa kwa chuma. Jumatano jioni Mama Syombua alirudi kutoka kumtazama, akaweka mkoba mezani na kusema bila kukaa:

"Ijumaa anatoka. Daktari amesema asirushwerushwe njiani. Mfupa haujashika vizuri. Ukisogea, atapasuliwa tena, na kwa umri wake sitaki hata kufikiria."

"Nitamlaza nyuma juu ya godoro," Baba alisema. "Gari liko sawa. Mwaitu amelikagua Jumamosi. Si ndiyo?"

Syombua alikuwa ameshika tonge la ugali na mboga ya sukuma. Aliwaona wale twiga wakiitikia kwa vichwa, juu na chini, juu na chini, na katikati yao aliona kichwa cha Susu juu ya mto, kikipanda na kushuka pamoja nao. Wingu lilikuwa limebeba mtu mgonjwa, na halikujua kusimama.

"Si kavu, Baba."

"Nini si kavu?"

"Za nyuma. Zinatoa mafuta. Nilikuwa nikiyafuta." Aliweka tonge sahanini. "Nilipenda gari likiyumba."

Mama alivuta kiti, akakaa.

"Kitambaa ulichofutia kiko wapi?" Mama aliuliza.

Alikileta. Kilikuwa cheusi kama sehemu ya chini ya sufuria. Mama alikitandaza juu ya gazeti ili kila mtu akione.

"Kesho asubuhi tunakwenda kwa fundi Wandera. Nimeomba ruhusa kazini hata hivyo. Na wewe unakuja. Umeyaficha, utasaidia kuyamaliza."

Baba hakugomba. Alisukuma sahani yake mbele, akasema, "Kalale, Syombua." Hakusema mwaitu. Lile jina lililokosekana lilimuuma kuliko ambavyo kofi lingemuuma.

Gereji ya Wandera ilikuwa uwanja wa wazi kando ya barabara, na ardhi yake ilikuwa nyeusi kwa mafuta ya miaka mingi. Wandera aliweka mikono juu ya kona ya nyuma ya gari, akalikandamiza, akaachia. Gari likapanda na kushuka, likapanda na kushuka.

"Eh, Mzee! Hii imekuwa ikiruka kama panzi na hukuona?"

Syombua alitazama viatu vyake. Alingoja sasa atajwe. Lakini Baba alijibu tu, "Tumeona sasa. Tuonyeshe ulichonacho."

Wandera alitandika gunia, akapanga juu yake shokomzoba za aina tatu. "Zile za kampuni iliyotengeneza gari ni taabu kupatikana, gari likishakuwa la umri huu," alieleza. "Hizi ni za watengenezaji wengine. Zote zitaingia bila kulazimishwa. Lakini kuingia si kufaa."

Aina ya kwanza iling'aa kwa rangi nyekundu. Syombua alizipenda mara moja. Mama alitoa ufunguo wa nyumba, akakwaruza moja. Chini ya rangi kulikuwa na kutu.

"Hizi ni za zamani zilizopakwa rangi," alisema, na kuisukuma kwa ncha ya kiatu.

Wandera akacheka. "Mama Syombua huuziwi kitu kibovu! Nimeziweka hapo mzijue. Mchuuzi aliniletea jana na nimekataa. Sasa, hizi mbili ni mpya za kweli. Hizi ni ngumu, za magari ya kubeba simiti na mawe. Hizi nyingine ni za kawaida."

"Ngumu," Baba alisema papo hapo. "Barabara imekufa. Nataka kitu cha nguvu cha kumbeba mama yangu."

Syombua alisogea karibu. "Baba, ngumu si ndiyo itamrusha?"

"Wewe unajuaje?" Mama aliuliza.

"Sijui. Lakini naweza kulala nyuma nisikie."

"Kulala nyuma na kusema gari ni nzuri umeshafanya vya kutosha. Leo maneno yako peke yake hayatoshi. Leta kitu ambacho sote tutakiona."

Maneno hayo yalichoma, lakini yalikuwa ya haki. Syombua aliyafikiria. Akaikumbuka ile ndoo katikati ya korongo wa mbao, maji yakipanda ukingo huu na kwenda ule. Alikuwa ameyatazama safari nyingi, macho yakiwa nusu wazi.

"Naomba sufuria," alisema. "Na maji."

Wandera alimpa sufuria yake ya chai. Kwa bahati, palikuwa na magari mawili mengine ya aina ile ile yaliyokwisha kutengenezwa na yakingoja kujaribiwa barabarani. La kijivu lilikuwa la mtu wa simiti, nalo lilifungwa shokomzoba ngumu. Jeupe lilikuwa la mwalimu, lina zile za kawaida. Wakakubaliana kupita barabara ile ile ya mashimo kwa magari yote matatu, Wandera akiendesha polepole, Syombua akilala nyuma na sufuria kando yake, wazazi wakichuchumaa kutazama.

Walianza na gari la Baba. Maji yalipanda, yakashuka, yakapanda, yakaruka ukingo na kulowesha viatu vya Mama. Hata baada ya shimo kupitwa, yaliendelea kuyumba. Mama alikung'uta kiatu kimoja, kisha kingine.

Katika gari la kijivu hayakuyumba. Yalitetemeka. Kila jiwe dogo liliyarusha matone juu, na meno ya Syombua yaligongana. Kwenye shimo la kwanza Baba aligonga kichwa darini.

"Simama, Wandera!" alisema huku akijipapasa. "Hii ingemmaliza Mama yangu. Na mimi ndiye niliyeichagua!"

"Ikipakiwa simiti inatulia, Mzee. Ikiwa tupu haina cha kuikandamiza. Bibi ana uzito gani?"

"Ni mwepesi kama mwanasesere."

Gari jeupe likaingia shimo lile lile. Maji yaliegemea upande mmoja, yakarudi, yakatulia. Syombua aliyainamia. Dirisha la nyuma lilikuwa wazi, na ndani ya sufuria aliona kipande cha anga, na katikati yake wingu dogo jeupe. Gari lilikwenda. Wingu lilitikisika kidogo tu, halikumwagika.

"Hizi," alisema kwa sauti ndogo.

Mama aliinama, akatazama ndani ya sufuria. "Hizi," alikubali.

Wandera alifunga mpya mbele na nyuma, kwa sababu alisema mguu mpya hauwezi kutembea vizuri na mguu mbovu. Jua lilipoegemea upande wa Dandora, Baba alikandamiza kona ya gari, akaachia. Lilipanda mara moja, likakaa.

Ijumaa walimlaza Susu juu ya godoro. Syombua alikaa kando yake, mkono juu ya mto. Kila shimo lilipokaribia alishika pumzi. Gari lilishuka, likainuka mara moja, likatulia. Uso wa Susu haukukunjamana.

"Wajina," Susu alinong'ona, macho yamefumbwa, "wameweka lami mpya?"

"La, Susu. Ni barabara ile ile."

"Mbona ninaelea?"

Syombua alimtazama bibi yake akisinzia, mdomo wazi kidogo, mwanga wa dirishani ukipita juu ya shuka lake, kivuli cha mti, mwanga, kivuli. Mpaka wanafika Komarock alikuwa bado amelala.

Walipokwisha kumwingiza ndani, Mama alimwita Syombua kando ya gari. Mkononi alikuwa na kile kitambaa. Alikuwa amekifua, lakini weusi haukutoka wote.

"Sikukatazi kuota," alisema. "Ndoto zako ndizo zilizotuletea sufuria ile, na bila hiyo baba yako angemlaza mama yake ndani ya gari la kubeba simiti. Kosa lako lilikuwa hiki kitambaa. Mtu akikupa kazi ya kumtazamia, amekukabidhi maisha yake. Ukiona kibaya, kiseme kilivyo, hata kama kinakuharibia raha yako. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Mama."

"Vizuri. Kaweke chai."

Jumamosi asubuhi Syombua aliosha gari. Triza alipita na kuuliza kwa nini siku hizi halichezi tena. "Limeokoka," Syombua alimjibu, na wote wawili wakacheka hadi Susu akauliza kutoka ndani kuna nini.

Kisha Baba akatokea mlangoni, kikombe mkononi. Alipuliza chai yake, kisha akauliza.

"Kuko kavu, mwaitu?"

Syombua alilisikia lile jina. Lilimwingia polepole, kama jua la asubuhi mgongoni. Angeweza kujibu papo hapo, kwani vifaa vilikuwa vipya na kila mtu alijua ni vikavu.

"Ngoja, Baba," alisema. "Bado sijaangalia."

Akapiga magoti kwenye ardhi iliyolowa, akachungulia nyuma ya gurudumu la kwanza.