Karatasi Aliyopewa Shangazi

Baba yake Tamsin alifariki ghafla Jumanne, akiwa amekata nusu tu ya majani ya uani. Kufikia siku ya maziko, nusu iliyobaki ilikuwa imekua hadi vifundoni, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kuigusa. Mwezi uliofuata mwenye nyumba akaandika kwamba anaihitaji nyumba yake mwisho wa Juni.

Hapo ndipo Jumamosi zilipoharibika. Kila Jumamosi Tamsin, msichana wa miaka kumi na miwili, alisimama kwenye baridi ya mji wao wa Ballarat na Mama na Shangazi Maureen, dada yake Baba, wakitafuta nyumba ya kununua na kumsikiliza dalali akiinadi kutoka getini. Majirani walitoka na vikombe vya kahawa kutazama tu, kana kwamba ni mechi. Nyumba sita zilinadiwa hivyo, na zote zikaenda kwa wengine.

Kila mara kabla ya kutoka, Mama aliandika bei ya mwisho kwenye karatasi akampa Shangazi. Shangazi ndiye aliyenyoosha mkono mnadani, kwa sababu Mama alijijua: akiipenda nyumba, hasikii la mtu.

Nyumba ya saba ilikuwa jirani na kwa Bridie, rafiki yake Tamsin. Karatasi ilisema dola laki tano na elfu arobaini na tatu. Hizo elfu tatu ziliongezwa na Shangazi, kwa kuwa washindani wengi huishia kwenye arobaini kamili. Lakini bwana mmoja mwenye koti la kijani hakuishia hapo. Shangazi alipotaja arobaini na tatu, yeye akataja arobaini na tano. Shangazi akakunja mikono.

"Shangazi, ongeza basi," Tamsin alinong'ona. "Kidogo tu."

"Karatasi imeishia hapa."

Hata Mama akamvuta mkono. "Wifi, mara moja tu. Ya mwisho."

"Glenys, ulinipa karatasi hii ili nikukatalie. Basi nimekukatalia."

Tamsin akanyoosha mkono wake mwenyewe. Dalali akamuuliza kama ana akaunti ya benki au ana kisanduku cha akiba tu. Mtaa mzima ukacheka. Kisha akapiga nyundo, na koti la kijani likapata nyumba.

Njiani Shangazi alinunua pai za nyama. Tamsin akasusa, akalalamika kwamba nyumba yao imepotea kwa sababu ya ukaidi wa mtu mmoja. Mwishowe Mama akachoka kumsikiliza.

"Hebu koma, Tamsin. Mimi pia nilimkasirikia. Lakini nyundo ikishagonga hakuna kurudi nyuma, na yule bwana angeongeza tena, nasi tena. Ningelipa mpaka uzeeni kwa mshahara wa kufua mashuka ya hospitali. Bei ya mwisho tuliiweka mezani, tukiwa tumetulia. Ukiiweka pale barabarani, anayekuwekea ni mshindani wako. Mwombe shangazi yako radhi."

Tamsin aliomba radhi, kwa sauti ya chini, na pai akaila ikiwa baridi.

Nyumba ya tisa ilikuwa ndogo, ina harufu ya mbwa, na watu wawili tu ndio waliishindania. Shangazi aliipata kwa laki tano na elfu ishirini na sita. Wanahamia Ijumaa. Kwenda kwa Bridie ni dakika ishirini na tano kwa basi.