Duara Mlangoni mwa Stoo

Maiti ya mwalimu wa kemia ilikutwa saa nne na robo asubuhi ndani ya stoo ya maabara, vidole vyake vikiwa kwenye upenyo wa chini ya mlango. Kando yake kulikuwa na kengele ya shaba iliyoviringishwa kwa kitambaa. Uwanjani, wanafunzi mia sita walikuwa bado wanapiga makofi. Zoezi la moto lilikuwa limefana.

Inspekta alichuchumaa, akatazama, akainuka. Marehemu, ambaye shule nzima ilimwita Filimbi, alikuwa na pumu. Moshi wa mazoezi aliouwasha mwenyewe koridoni ulipenya stoo, na komeo la nje lilikuwa limefungwa. Dawa yake ya kuvuta ilikuwa juu ya meza ya maabara, hatua sita tu kutoka hapo.

"Nani aligusa mlango huu?"

"Mimi, nilipomfungulia," alijibu mwalimu mkuu. "Hotuba ilipoisha hakuonekana, tukaja kumtafuta. Mwanzoni tuliupita. Ulikuwa na alama."

Akaeleza utaratibu. Anayetoka mwisho hukikagua chumba, hufunga, kisha huchora mlangoni kwa chaki kuonyesha kwamba hamna mtu, ili waokoaji wasipoteze muda. Inspekta alitembea korido nzima. Milango kumi na mmoja ilikuwa na alama ya vema. Wa stoo ulikuwa na duara lenye nukta katikati.

"Na hii?"

"Ya zamani hiyo. Filimbi aliibadilisha mwaka jana, alipokabidhiwa usalama."

Kabla yake, kwa miaka kumi na minane, usalama ulikuwa wa mwalimu wa jiografia, Mzee Kengele. Ndiye aliyemsomesha Filimbi hapo hapo shuleni, na mbele za watu alimwita mwanangu. Lakini walimu wana macho, na midomo pia. Walimweleza Inspekta kwamba Filimbi akisifiwa kikaoni, mzee alikuwa anainamia chai yake mpaka inapoa. Siku ubao wa usalama ulipohamishiwa ofisini kwa binti huyo, hakumsalimia mtu wiki nzima. Wivu ulikuwa umemkaa kooni, na kila mtu alijifanya haoni.

Walimkuta uwanjani, orodha ya walimu mkononi, kola imenyooshwa kwa pasi.

"Mzee, shikamoo. Filimbi umemwandika kuwa alikuwapo."

"Nilimwona kwa mbali."

"Hebu nione."

Mzee aliitoa orodha bila wasiwasi. Kisha naye akaitazama, akaivuta tena kwake. Mbele ya kila jina palikuwa na duara lenye nukta katikati.

"Ni mkono tu," alisema polepole. "Umezoea. Nilifunga komeo, mkono ukachora wenyewe."

"Kwa nini ulifunga?"

"Nilitaka akosekane kwenye hesabu. Aaibike kidogo, mbele ya wazazi na wakaguzi. Basi. Nilipofika hapa nikakumbuka lile duara. Nikaona wakimtafuta, wataniona mimi. Nikamwandika yupo, nikasema nitarudi haraka nimfungulie."

"Hukurudi."

"Mwalimu mkuu alianza hotuba." Alifuta uso kwa orodha. "Akasema watoto wametoka kwa dakika nne. Enzi zangu walitoka kwa dakika tisa. Miguu ikagoma, mwanangu. Nilitaka nisikie kama nami nitatajwa."

"Ulitajwa?"

"Hapana. Nikaendelea kusubiri."

Sajenti alimfunga pingu. Mzee hakubisha. Walipofika kwenye gari, aligeuka kama mtu aliyesahau kitu.

"Vyumba vyote alishavikagua. Stoo alifuata nini?"

Inspekta alisita. Angeweza kunyamaza, na pengine ingekuwa huruma. Lakini watoto wa shule hii walikuwa wamemwamini mtu huyu kwa miaka kumi na minane. Alifungua mfuko wa vielelezo, akaonyesha kengele ya shaba, imesuguliwa ikang'aa, na ratiba ya zoezi iliyotoka mfukoni mwa marehemu. Mstari wa mwisho Filimbi aliuongeza kwa kalamu, asubuhi ile ile.

Mzee alikosa miwani, ikabidi asomewe.

"Kufunga zoezi: Mwalimu wangu apige kengele yake. Asiambiwe mapema."