Mwezi wa Lipu

Fundi lipu huyu mtaa mzima ulimwita Nyoosha. Hakuweza kuona ukuta uliopinda akanyamaza. Hata akikaribishwa chai, kwanza aliupapasa ukuta wa mwenyeji, ndipo akakaa. Tumsamehe, kazi ilikuwa imemwingia damuni.

Mama yake alikuwa amepofuka. Asubuhi moja alimwambia, "Mwanangu, nimeanza kuusahau mwezi."

Maneno hayo yalimkata Nyoosha maini. Akaenda kwa jirani yao, mwalimu wa sayansi, akaazima picha ya mwezi iliyopigwa kwa darubini. Ilionyesha shimo moja kubwa, na madogo kando yake. Mengine yalikuwa yameukalia ukingo wake.

Nyoosha akachanganya saruji na mchanga, akajaza fremu ya mbao, akaanza kuchonga. Lakini ukingo wa shimo kubwa ulikuwa umemomonyoka, na hilo lilimkera. Akauziba, akaulainisha kwa mwiko hadi ukateleza.

Mama akapapasa. "Umenipangia mabakuli, baba. Mazuri kweli. Lakini hili ni kabati la vyombo."

Mwalimu, aliyekuja kutazama, alicheka mpaka akashika ukuta. "Nyoosha, nani kakutuma ukarabati mwezi?"

"Ukingo ulikuwa mbovu."

"Ukingo umezeeka tu. Mashimo haya yamechimbwa na mawe yaliyoanguka kutoka angani. Kule hakuna mvua wala upepo. Shimo huchakazwa na mawe yanayoanguka baadaye. Yanamega ukingo wake na kulijaza vumbi. Ukiona shimo limekata ukingo wa jingine, lililokatwa ndilo la zamani."

"Sasa nifanyeje?"

"Usichonge. Piga kubwa kwanza, madogo yafuate. Na usizibe kitu."

Nyoosha akajaza fremu nyingine. Akaangusha jiwe kubwa kwenye lipu mbichi, akalitoa. Kisha akampa mama makokoto ayarushe. La kwanza lilimpata Nyoosha gotini. Yaliyofuata yalitua panapotakiwa, na lipu ikamrukia kila mtu. Mkono wa Nyoosha ulimwasha kwa hamu ya kusawazisha, basi akampa mwalimu mwiko aushike.

Lipu ilipokauka, mama alipitisha vidole taratibu. Vikasimama kwenye ukingo uliovunjika.

"Huyu ndiye mkubwa wao," alisema. "Wadogo wamemvunja bega, na bado amewabeba. Sasa nauona."

Nyoosha akalia, wala hakujificha. Mama akamwacha alie kidogo, kisha akageuza uso alikokuwa mwalimu.

"Na upande wa pili wa mwezi, una picha yake?"

Nyoosha akajifuta machozi, akaenda kuchanganya saruji.