Barua Isiyo na Mwenyewe

Kila asubuhi, kabla ya kutoka kitandani, Dobi alitazama vidole vyake. Alikuwa amefua mashuka ya hospitali miaka tisa, na dawa ya madoa ilikuwa imempasua mikono. Daktari alimwambia wazi: "Mama, achana na dawa hiyo, la sivyo mikono hii itakuaga."

Chumba cha ushonaji, palepale hospitalini, kilihitaji mtu. Dobi alijua kushona. Akaandika barua ya maombi kwa Kiingereza, kama ofisi ilivyotaka. Wiki tatu zikapita, kimya. Nafasi ingefungwa Ijumaa saa sita mchana, na leo ilikuwa Alhamisi.

"Wamenikataa," alimwambia mumewe. Chai yake ilikuwa imeshapoa.

"Haiwezekani! Si ulianza kama barua ya marehemu baba? Ile ndiyo iliyompa kazi. Ukoo mzima tunaanza hivyo."

Wifi yake, karani wa masijala katika ofisi nyingine, alikuwa anavua viatu mlangoni. "Hebu nione nakala."

Akasoma mstari wa kwanza: "To Whom It May Concern". Akacheka. Alipouona uso wa Dobi, akaketi karibu naye.

"Wifi, maneno haya unayajua maana yake?"

"Najua ni ya heshima."

"Ni 'Kwa yeyote anayehusika'. Baba aliandikiwa barua ya sifa na bosi wake wa zamani, aende nayo popote. Bosi hakujua nani ataisoma, kwa hiyo maneno yalikaa mahali pake. Wewe unaomba kazi, na mwenye uamuzi unaweza kumjua. Ukiita sokoni, 'Wewe hapo!' nani atageuka?"

"Wote," mumewe akadakia.

"Halafu wote warudi kwenye nyanya zao! Mimi nikipokea barua, natazama imeandikiwa nani, nampelekea. Isiyo na mwenyewe naitia kwenye trei ya mengineyo. Humo, kaka yangu, hata panya hasomi."

Dobi akaichukua ile nakala. "Basi nimechelewa?"

"Bado una kesho asubuhi. Nani anaamua?"

"Msimamizi wa Ushonaji. Ofisi yake ni mlango wa pili kutoka kwetu. Tunasalimiana kila siku!"

"Basi andika cheo chake juu. Chini yake msalimu, 'Dear Madam'. Sema unachoomba mapema, usizungukezunguke. Ambatisha cheti cha daktari. Na masijala wakupigie muhuri wa mapokezi kwenye nakala yako."

"Na maneno ya baba ndiyo tuyatupe?" mumewe akauliza kwa unyonge.

"Nani kasema? Siku ukiandika barua usiyojua itasomwa na nani, yatumie."

Ijumaa saa tatu, Dobi aliikabidhi barua masijala. Alirudi kufua, masikio yakiwa mlangoni. Saa nne. Saa tano. Shuka moja alilisuuza mara tatu bila kujua.

Saa tano na nusu akaitwa.

Msimamizi alikuwa ameishika barua mkononi. "Wiki tatu nasubiri mtu wa humu ndani aombe. Nikadhani hamtaki kufanya kazi kwangu."

"Niliomba, mama," Dobi akasema. "Ila sikukuita."

Msimamizi akasaini. "Jumatatu uje na miwani, kama unayo. Uzi wetu ni mwembamba."

Mwezi mmoja baadaye, Dobi alikamua limau kwa mkono mtupu jikoni. Akangoja maumivu. Hayakuja.